Pamba Masikioni Hadi Butiama

Jamani, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mpiga besi nilimpa kipande cha samaki. Mwenye tumba nilimpa kipande cha kwaya. Na yule asiyekubali kitu nilimpa kipande cha mimi kutembea na pamba masikioni, akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Sasa vipande vimekuwa vingi na kila mtu anavishona anavyotaka, hata juzi nimesikia kwamba nilipigwa huko Mara. Sikupigwa. Pengine ningepigwa ningelala vizuri zaidi. Kaeni niwasimulie kwa mpangilio, na kuna jambo moja ndani yake ambalo nimewaficha kwa miaka miwili.

Morogoro hadi Lamadi

Ya tiketi nayaruka. Nilipanda basi na gitaa langu ndani ya boksi lake, kwa sababu Wambura aliniambia kwenye simu, "Njoo nalo, usije umekumbatia mikono." Wambura mnamkumbuka, mwimbaji wetu aliyestaafu akarudi kwao Musoma. Kila msimu wa mavuno alikuwa akiniita. "Njoo usikie muziki wa huku kabla masikio hayajafunga," aliniambia safari hii, kwa utani.

Mimi sikucheka. Na hili ndilo jambo lenyewe, nalisema mapema ili msilipapase. Tangu mwaka juzi masikio yangu hayapatani. Sauti nene nazisikia sawasawa, lakini sauti nyembamba inaingia sikio la kushoto ikiwa hivi, na sikio la kulia ikiwa juu kidogo. Daktari alisema ndiyo mavuno ya kusimama miaka arobaini mbele ya ngoma na maspika. Sikumwambia mtu. Nilinunua kile kidude cha kupimia nyuzi, unakibana kwenye shingo ya gitaa kinawasha taa ya kijani uzi ukikaa sawa, nanyi mkanisifu kwamba uzeeni nimekuwa mtu wa kisasa.

Basi liliharibika karibu na Lamadi. Kitu kilivunjika chini, dereva akaingia uvunguni, tukaona miguu yake tu kwa muda wa saa tano. Upande mmoja ni nyika ya Serengeti, na pundamilia wamesimama mbali kwenye mvuke wa jua wakiwa hawana haja na sisi. Upande wa pili, ukikaza macho, kuna mstari mweupe, ndio ziwa. Nilikaa kwenye majani juu ya boksi la gitaa nikawa kama niliyelala macho wazi. Sauti za abiria zilikuja na kwenda. Sikuwa na haraka ya kufika popote.

Mama mmoja wa Bunda, tuliyekaa naye kiti kimoja tangu Singida, alilitazama boksi kwa muda mrefu.

"Hiyo bomba yako baba, inapuliziaga heka ngapi kwa siku?"

Nilidhani ananitania kisanii, nami nikamjibu kisanii. "Inategemea watu waliokuja, mama."

"Watu? Huko kwenu mnapuliziaga watu?"

Ndipo nikafungua boksi. Aliangalia gitaa, akaangalia uso wangu, akacheka kwa kujipiga mapaja. Alikuwa amejiuliza safari nzima kwa nini mzee wa rika langu anabeba bomba la dawa ya pamba kutoka Morogoro wakati Bunda mabomba yapo tele. Aliniomba nimpigie kitu. Nikampigia, bila spika, pale kwenye majani, na pundamilia mmoja akainua kichwa. Ninyi semeni mnavyotaka, mimi nilimwona.

Musoma

Wambura alinipokea stendi. Amenenepa, na ndevu zimekuwa nyeupe, lakini akisema "mura, umezeeka!", na mura kwao ni kijana, unasikia koo lile lile. Kwake ni karibu na maji, kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana. Asubuhi alinipa mchemsho wa sato na ugali wa udaga, ule wa mihogo, mweusi unaovutika, nikala hadi nikaona aibu. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Kwa siku mbili tatu za kwanza sikuweza kutofautisha vizuri nilichokiona na nilichokiota mchana, kwa sababu nililala sana na kila nikiamka kuna mtu anaimba mahali fulani.

Mmetaka kujua muziki wa huko ukoje. Haya.

Jumamosi Wambura alinipeleka kwenye baa ya ufukweni kusikiliza bendi. Niliambiwa inaanza saa nane. Saa nane vyombo viko jukwaani, wapigaji hawapo. Saa tisa hivyo hivyo. Nikauliza, nikaelekezwa jikoni: mpiga drum ndiye mchoma nyama, na wateja hawajamwachia. Mpiga besi ni fundi wa injini za mitumbwi, ameitwa upande wa pili wa mji. Saa kumi na moja ndipo mchoma nyama alipopanda, na aproni yake ingali shingoni, akapiga drum kwa namna ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa vijana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na subira. Nilimuuliza baadaye amejifunza wapi subira ile.

"Kwa mbuzi, mzee," alinijibu. "Ukiharakisha unaunguzaga."

Huko mwanamuziki mtupu hayupo. Kila mmoja ana kazi nyingine inayomshika shati, na anapofika jukwaani anafika na harufu ya kazi ile. Mwanzoni nilisikitika kwa ajili yao. Siku ya tatu nilianza kujisikitikia mimi niliyekuwa mwanamuziki tu maisha yangu yote.

Baada ya bendi alipanda binti mmoja akaimba juu ya muziki uliorekodiwa, ule wanaouchomeka na flashi. Sauti yake nzuri mno. Lakini alipotaka kuvuta pumzi mahali alipojisikia, muziki ule ulikwenda zake, ikabidi aukimbilie. Nilitamani kumshika yule binti mkono nimwambie kwamba zamani, mwimbaji akikohoa, watu wanane walikuwa wanamsubiri.

Jumapili tulikwenda Nyegina, kwenye misheni. Kinanda cha umeme kilikuwepo, na ngoma za ngozi zilikuwepo, na hakuna aliyehesabu moja mbili tatu. Kina mama wa mstari wa nyuma waliinua visigino, na visigino viliposhuka kwaya nzima ilikuwa imeshaingia. Nililia kidogo. Wambura aliniona akatazama pembeni, ndiyo adabu yake.

Tukiwa tunarudi aliniambia habari iliyotupeleka safari iliyobaki. Dada yake mkubwa, Nyabise, alikuwa amefariki na kuzikwa Butiama, na Jumamosi inayofuata ndiyo siku ya kumaliza msiba. Nyabise alikuwa mwimbaji. Aliimba na mwanawe Magesa, mkulima wa pamba wa Bunda, anayepiga litungu, lile la nyuzi nane lenye tumbo la ngozi. "Tutapita Bunda tumchukue Magesa na litungu lake," alisema Wambura. "Wewe unapendaga nyuzi. Utalipenda."

Bunda

Kwa Magesa ni nje kidogo ya mji. Ilikuwa wakati wa kuchuma, na chumba kizima cha nyumba yake kilikuwa kimejaa pamba hadi dirishani. Mwanga ukiingia mle unarudi ukiwa mweupe, na sauti haitoki. Ukisema neno mlangoni linakufa hapo hapo. Nilisimama pale mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Magesa ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mpole, haongei mpaka aulizwe. Jioni ile tulipofika, jua bado liko juu ya vilima, alitoa litungu, akakaa, akapiga wimbo mmoja mfupi bila kuimba, akalirudisha ukutani. Wambura alisikiliza ameinamisha kichwa. Mimi nilisikiliza kwa mateso. Nyuzi zilikuwa zimekwenda kombo. Wa tatu umeshuka, wa sita uko kati ya nyumba mbili, si nota hii wala ile, wa nane sikuweza hata kusema uko wapi. Nikaona Wambura ameinama kwa aibu ya mpwa wake.

Sasa ninyi mnajua desturi yetu. Katika bendi, mkubwa akisikia nyuzi za mdogo zimelegea, hasemi. Anasubiri mwenyewe atoke, anazikaza kimya kimya, mdogo akirudi anakuta ziko sawa na hakuna aliyeaibika. Mimi mwenyewe nilikaziwa hivyo nikiwa kijana, na wengi wenu nimewakazia. Ndiyo heshima yetu.

Kesho yake watu wote walikwenda shambani, na Wambura akaenda mjini kusalimia ndugu. Niliachiwa uji, kivuli na litungu. Nikatoa kidude changu, nikakibana kwenye mti wa litungu, na kwa muda wa saa nzima, taratibu, nikazungusha vile vijiti vya juu kimoja baada ya kingine. Taa ya kijani. Taa ya kijani. Mara nane. Nikapitisha kidole, ikalia tamu kabisa, nikajisikia mwema.

Magesa alirudi mchana na nyuzinyuzi za pamba kwenye nywele. Aliona jua limelifikia litungu, akalinyanyua alisogeze. Kidole gumba kikagusa uzi mmoja tu. Akasimama.

"Nani ameigusa?"

"Mimi, mwanangu. Zilikuwa zimeshuka, nimekuwekea sawa."

Hakukasirika. Aliliweka litungu chini polepole, akakaa karibu yake, akanieleza kama anayemweleza mtoto njia.

"Kwetu sisi mzee, anayeimba ndiye anakazaga. Anayepiga anapigaga tu. Hizi nyuzi mama alikaza mwenyewe, wiki ile alianza kuugua. Sasa mwenye sauti akifa, nyuzi haziguswi. Zikishuka, zishuke. Mimi kila jioni napigaga wimbo mmoja tu zisilale. Mpaka siku ya kumaliza msiba, anapigiwa mara ya mwisho kwa mkono wake. Halafu ndiyo tunalegeza zote, anakaza anayemfuata."

"Anayemfuata ni nani?"

"Dada yangu, Nyangeta. Yuko Butiama."

Akatoka nje kunawa. Nilimwona dirishani ameingiza mikono kwenye beseni, na hakuitoa kwa muda mrefu.

Wambura alipofika na kuambiwa alikaa kitako kwenye kizingiti. Nilimwomba radhi. Alisema kosa ni lake, hakuniambia, alidhani najua. Nikamuuliza ningejuaje. "Wewe unajuaga kila kitu cha muziki," alisema, na hakuwa anatania. Kisha rafiki yangu wa miaka arobaini akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Dada yake alikuwa amebaki pale tu, kwenye zile nyuzi, na mimi nimemtoa kwa kidude cha betri. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilikuwa tayari kuyapigia magoti.

Magesa ndiye aliyesema tufanye nini. "Mimi vidole vyangu vinajua mahali, sikio langu halijawahi kupima. Mjomba alikuwa mbali huko na mabendi, sauti ya mama anaijua ile ya usichana. Nyangeta angejua, lakini haruhusiwi kuimba, hata kunung'unika wimbo, mpaka nyuzi zilegezwe. Wewe mzee, jana ulikaa pale unasikiliza kama mtu anapima nguo. Wewe ndiye umezisikia mwisho. Zirudishe."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema mwanangu, masikio yangu ni mabovu. Nilifungua mdomo, nikatoa maneno haya: "Nitajaribu."

Kiabakari

Msiniulize jinsi nilivyolala. Alfajiri nilipofumba macho wimbo ule wa jioni ulikuwepo, mzima, na ukombo wake wote. Uzi wa tatu uliozama. Wa sita uliokuwa kati ya nyumba mbili, ambao sasa, bila kidude, ulinisikikia kama mwanamke aliyechoka anayesogea kitini. Nikatambua kwamba nikisikia muziki mwingine wowote, utausukuma huu nje. Na njia nzima ya kwenda Butiama ina redio. Basi nikaingia kile chumba cheupe, nikachukua matonge mawili ya pamba, nikajaza masikio yote.

Gari lilituacha Kiabakari, ambako tulitakiwa kuwasubiri wakwe wa Magesa waje na mbuzi wao. Walisema wako njiani. Walikuwa njiani kwa muda wa saa tatu. Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Dunia yote ilikuwa imeondolewa sauti. Malori yanapita bila kunguruma, ng'ombe wanafungua midomo na hakitoki kitu, vumbi linainuka polepole na kukaa. Ndani yangu wimbo mmoja unazunguka. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha ya ajabu mle ndani, furaha nisiyostahili, na sikutaka mtu anitoe.

Mama wa michembe alinisemesha, sikujibu. Akanisemesha tena. Nikainua mkono kwa heshima nikaendelea kunung'unika nyuzi zangu nane. Akamgeukia Wambura, nikamsoma mdomoni: huyu mzee ana nini? Na Wambura, ambaye tangu Bunda hakuwa ametabasamu, akajibu neno moja. Nililisoma vizuri sana. Kiziwi.

Yule mama alijaa huruma usoni. Alinijazia sahani, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kuchovya, kana kwamba ukiziwi umenisahaulisha kula. Kisha, kabla sijajua kinachoendelea, akaja nyuma yangu, akaweka viganja vyake viwili juu ya masikio yangu, akafumba macho na kuanza kuomba. Watu wakasogea. Waendesha pikipiki wakavua kofia. Mimi nikiogopa kupoteza wimbo niliongeza kunung'unika, nao wakadhani naitikia maombi, wakaongeza nguvu. Niliona midomo yote ikisema amina. Wambura alikuwa amejifunika uso kwa kofia na mabega yanatikisika.

Mimi sikucheka. Viganja vya yule mama vilikuwa na joto, na alikuwa ananiombea ugonjwa ambao kweli ninao, na mtu wa kwanza duniani kuujua, ukimtoa daktari, ni mtu aliyedanganywa. Niliinama nikambusu mkono. Akanipa michembe mingine ya njiani.

Wakwe walifika, mbuzi akapakiwa, nasi tukapanda pikipiki kuelekea Butiama. Magesa alikuwa mbele amelikumbatia litungu. Mawe makubwa yalipita kushoto na kulia, na mihogo, na watoto wa shule wakipunga mikono.

Butiama

Nyangeta ni mwalimu wa shule ya msingi. Alitupokea uani bila maneno mengi, kwa sababu Magesa alishampigia simu akamweleza yote. Nilipiga goti kumwomba radhi, akaninyanyua kwa kiwiko. "Karibu baba. Twende ndani, muda si rafiki."

Tulikaa sebuleni watu wanne: mimi na litungu, Nyangeta mbele yangu, Magesa na Wambura ukutani. Nilitoa pamba. Sauti za dunia zikaniingia kwa kishindo, kuku, watu wanaofunga turubai, sufuria. Nikafumba macho nikasubiri zitulie. Wimbo ulikuwa bado upo.

Uzi wa kwanza niliushusha kidogo. Nikamtazama Nyangeta. Akatingisha kichwa, hapana. Nikashusha tena, nywele moja. Akaitikia kwa kichwa. Wa pili haukuchukua muda. Wa tatu nilipouzamisha mpaka pale nilipousikia Bunda, Nyangeta alifumba macho yake na machozi yakatoka, na hakuitikia, nami sikuhitaji aitikie. Hivyo hivyo mpaka wa saba. Sijawahi kufanya kazi ya polepole namna ile, wala yenye raha namna ile. Kila uzi uliorudi chumba kilibadilika kidogo, mpaka nikaanza kumjua mwanamke ambaye sikuwahi kumwona: alikuwa na koo pana, hakupenda kupanda juu bila sababu, na mahali fulani katikati alikuwa amechoka.

Ukabaki wa nane, mwembamba kuliko yote. Nilikuwa nimekula ng'ombe mzima, nikashindwa mkiani. Sikio la kushoto likasema hapa. La kulia likasema hapana, pale. Niliziba moja, nikakaza, Nyangeta akatingisha kichwa. Nikaziba la pili, nikalegeza, akatingisha kichwa. Nikajaribu kati, akatingisha kichwa. Na jioni ile ya Bunda ndiyo hivyo hivyo nilivyousikia, mara mbili, kwa hiyo hata kumbukumbu yangu ilikuwa na nyuzi mbili pale penye mmoja. Jua likaacha dirisha. Mwishowe hata Nyangeta akainua viganja: nimeuzungusha mno, naye hakujua tena ulipopaswa kukaa.

"Uzi huu siwezi," nilisema. "Masikio yangu ni mabovu, mwaka wa pili sasa. Kile kidude nakitumia kwa sababu mimi mwenyewe sijiamini. Nimewaficha wote, hata wewe Wambura. Nilipaswa kusema Bunda, nikaona aibu."

"Kumbe Kiabakari sikudanganya," alisema Wambura. Akaja akakaa karibu yangu sakafuni, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukikaa nyuma ya jukwaa.

Magesa alilichukua litungu. Akaufungua uzi wa nane ukalegea kabisa, ukaning'inia. "Basi huu tuuache umelala," alisema. "Afadhali asiyekuwepo kuliko mgeni."

Jumamosi ilianza kwa misa, kisha chakula. Watu walijaa uwanja. Mbuzi wa wakwe aliliwa, na maziwa mgando, na ugali uliopikwa na wanaume watatu kwa sufuria moja. Baada ya chakula niliomba nafasi nikasimama. Niliwaambia watu wa Butiama kwamba mimi ni mgeni, nimegusa kisichoguswa, saba zimerudi na moja nimeipoteza. Kukawa na minong'ono. Mzee mmoja akasema, "Tumesikia. Kaa." Nikakaa.

Magesa akapiga.

Ulikuwa wimbo ule ule mfupi wa jioni, lakini sasa ulikuwa na watu mbele yake. Nyuzi saba zilizungumza, na kidole kilipofika pa wa nane palikuwa kimya, kisha saba zikaendelea. Mara ya kwanza watu walijisogeza tu kwenye viti. Mara ya pili nikatamani ardhi ipasuke. Mara ya tatu, kidole kilipofika, mwanamke mzee wa nyuma kabisa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, alifungua mdomo akaitia ile sauti mahali pake, fupi, bila kusimama wala kuangalia mtu. Mara ya nne walikuwa kama kumi. Mara ya tano kina mama wote wa uwanja ule walikuwa wanangoja kidole cha Magesa kifike, na kikifika wanaitia. Walikuwa wamechota maji naye, wamechuma pamba naye, wamezika naye watu wengine kabla yake. Nyangeta alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili asivunje mwiko, na macho yake juu ya viganja yalikuwa yanacheka na kulia.

Nami je? Nilisikia sauti mbili. Niliziba sikio moja, nikaziba la pili, nikitafuta ipi ndiyo ya Nyabise. Kisha nikashusha mikono nikaacha yote wazi, zikaingia zote.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Magesa alivishika vijiti kimoja baada ya kingine, akalegeza, na kila uzi ulitoa mlio wa kushuka, mpaka zote nane zikaning'inia sawa. Akamtazama dada yake. Nyangeta alitoa viganja mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na kavu, ya mtu ambaye hajaimba miezi mingi, ikasimama pale hewani ikiungoja uzi. Magesa akamshikia litungu, naye akaukaza mwenyewe uzi wa kwanza kuifuata sauti yake, taratibu, mpaka vikakutana.

Kisha Magesa akanigeukia mimi, kwa heshima ya mgeni mwenye umri, mbele ya watu wote.

"Mzee, iko sawa?"

Miaka arobaini vijana wameniuliza swali hilo, na sikuwahi kukosa jibu.

"Sijui," nilimwambia. "Muulize dada yako."